UZI: Hali ya hewa na chavua ya miti – kwa nini siku mbili zenye jua lilelile hazifanani

Hadubini (mwanzisha uzi)

Wakuu, kila msimu wa maua swali linarudi lilelile. Leo kuna joto, mbona chavua, ule unga wa maua, ni kidogo? Jana kulikuwa na ubaridi, mbona watu wamepiga chafya kutwa? Jibu la mkato linalozunguka ni kwamba joto likipanda na chavua inapanda. Hiyo ni theluthi moja ya habari.

Hali ya hewa inaugusa mti mara tatu. Mara ya kwanza ni mwaka uliotangulia, mti unapotengeneza maua dume: hapo inaamuliwa chavua itakuwa kiasi gani. Mara ya pili ni miezi na wiki za kabla ya maua: hapo inaamuliwa itakomaa lini. Mara ya tatu ni siku yenyewe: vifuko vya chavua vitapasuka saa ngapi, na kilichotoka kitaelekea wapi. Anayezichanganya hizi tatu ataona maajabu kila siku.

Tunaongelea miti inayochavushwa kwa upepo: mbetula, mwaloni, mhazeli, mzeituni, msonobari, mreteni, mwerezi wa Japani na jamaa zao. Miti ya nyuki tuiweke kando, chavua yake inanata na haifiki mbali.

Tuanze na mwaka uliotangulia. Mbetula na mhazeli huunda mashada yao dume majira ya joto ya mwaka wa kabla. Majani yakishapukutika yatazame matawini: yamekaza, magumu, yamesimama kama ncha za penseli, na yatakaa hivyo baridi nzima. Kwa hiyo wingi wa msimu ujao unaweza kuukadiria kwa macho miezi kadhaa mbele, bila mashine yoyote. Mwerezi wa Japani nao ni hivyo hivyo: Julai ikiwa ya joto na jua jingi, maua dume yanakuwa mengi, na majira ya kuchipua yanayofuata huwa mabaya kwa wenye mzio. Ndiyo maana kule utabiri wa kwanza wa msimu hutolewa kabla hata mwaka haujaisha.

Kinachoharibu hesabu hii ni zamu. Mti uliochanua sana umetumia akiba yake, na mwaka unaofuata hupumzika. Mbetula inajulikana sana kwa tabia hiyo, na miti ya eneo zima huwa inakwenda pamoja. Ukiona majira mazuri ya joto yamekuja nyuma ya mwaka wa wingi, usiharakishe kutabiri wingi mwingine.

Sasa siku yenyewe. Kifuko cha chavua kinapasuka kwa sababu kimekauka. Ukuta wake una tabaka la seli zenye nyuzi ngumu. Zikipoteza maji, sehemu laini ya seli inanywea na yenye nyuzi inagoma, kwa hiyo ukuta unajikunja kuelekea nje na mshono mwembamba ulioko katikati unafumuka. Joto linasaidia kwa kuwa linakausha. Upepo mkavu nao unakausha, hata ukiwa wa baridi.

Kwenye mbetula kuna hatua moja watu hawaijui. Shada linarefuka na kulegea, magamba yanaachana, vifuko vinafunguka, na chavua inadondokea kwenye mgongo wa gamba lililo chini yake. Inakaa pale kama vumbi juu ya rafu, ikisubiri shindo la upepo litikise shada. Kupasuka ni tukio moja, kuruka ni jingine, na katikati yake zinaweza kupita saa kadhaa. Ukigusa tawi siku tulivu yenye jua, wingu dogo la njano linatoka lote kwa mpigo. Hiyo ndiyo akiba ya rafuni.

Karibuni tujadili. Najua wataalamu wa upepo wamo humu.

---

Mgeni_Mdadisi

Asante mkuu, umenifungua macho. Swali: kama ni suala la kukauka, basi niangalie asilimia ya unyevu hewani tu, au vipi? Unyevu ukishuka chini ya kiasi fulani, chavua inatoka?

---

Kikokotoo

@Mgeni_Mdadisi asilimia peke yake inadanganya. Inakwambia hewa imebeba sehemu gani ya mvuke inaoweza kubeba, na uwezo huo unabadilika sana kwa joto. Kinachokausha kifuko ni upungufu: tofauti kati ya mvuke ambao hewa ingeweza kubeba na uliopo.

Chukua siku mbili zenye unyevu uleule wa asilimia 60:

Nyuzi 10: hewa ikijaa mvuke ina shinikizo la mvuke la hektopaskali 12.3 (hektopaskali ni kipimo cha shinikizo). Asilimia 60 yake ni 7.4. Upungufu ni 4.9.

Nyuzi 25: ikijaa ni 31.7. Asilimia 60 ni 19.0. Upungufu ni 12.7.

Asilimia ni ileile, nguvu ya kukausha imezidi mara mbili na nusu. Wanaojenga modeli za utabiri na kutumia asilimia tupu ya unyevu wanapata matokeo yanayoyumba, halafu wanalaumu mti.

Tahadhari nyingine: kipimo cha kituo cha hali ya hewa kinachukuliwa kivulini, kiasi cha mita 1.5 hadi 2 kutoka ardhini. Shada lililo juani kwenye ncha ya mti lina joto zaidi ya hewa inayolizunguka. Linaweza kuanza kufunguka wakati namba za kituo bado zinasema hewa ni nyevu.

---

Dira_ya_Upepo

Hadubini ameniita, nimefika.

Tuanze na uzito. Chembe ya chavua ya mbetula ina kipenyo cha mikromita 22 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Kwenye hewa iliyotulia kabisa inashuka kwa sentimita 1 hadi 1.5 kwa sekunde. Ya msonobari ni kubwa zaidi, mara mbili hata mara tatu ya hiyo, lakini ina vifuko viwili vya hewa vinavyoifanya iwe nyepesi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha.

Chukua sentimita 1.2 kwa sekunde. Chembe ikitoka kwenye kilele cha mti wa mita 20, itachukua sekunde 1,670 hivi kufika chini, yaani kama dakika 28. Upepo ukiwa mita 3 kwa sekunde, itakuwa imesafiri kilomita 5. Hapo hatujaweka msukosuko wowote wa hewa.

Sasa weka jua. Ardhi ikipata joto, mikondo ya hewa inapanda kwa mita 1 hadi 2 kwa sekunde, kama mara mia ya mwendo wa chembe kushuka. Hiyo chembe haina ubishi, inapandishwa tu. Ikifika mita 1,000 na mikondo ikafa jioni, kushuka kutoka hapo kunahitaji saa 23. Upepo wa huko juu ukiwa mita 10 kwa sekunde, ni kilomita 830. Ndiyo sababu Finland hupata chavua ya mbetula kutoka kusini siku kadhaa kabla mibetula yake yenyewe haijachanua. Watu wanatazama mashada yao yamefunga kabisa na pua zinatiririka.

Msinielewe vibaya: sehemu kubwa ya chavua inaangukia karibu na mti wake. Mamia ya kilomita husafiri sehemu ndogo tu. Ila mti mmoja una chembe mamilioni kwa mamilioni, na sehemu ndogo ya hizo bado ni nyingi.

Kuhusu kukauka, ongezea hili: chembe yenyewe ikitoka kifukoni inapoteza maji na kujikunja kwa ndani. Inakuwa ndogo na nyepesi. Hewa nyevu inaivimbisha, na chembe nyevu zinagandamana vikundi vikundi. Kikundi kinaanguka haraka kuliko chembe moja moja. Kwa hiyo ukavu unaitoa chavua na pia unaipa mbawa.

---

Pua_Nyekundu

Mimi nabaki na msimamo wangu: joto ndilo baba lao. Hayo mengine ni maneno ya kitaalamu tu.

---

Shina

@Pua_Nyekundu nenda ukautazame mreteni wa Texas ya kati, Juniperus ashei. Unamwaga chavua katikati ya majira ya baridi, kuanzia Desemba hadi Februari. Siku zake mbaya zaidi ni baada ya hewa baridi kuingia kutoka kaskazini: anga safi, upepo mkali, hewa kavu kama karatasi. Wingu linalotoka ni zito kiasi kwamba watu wamewahi kudhani mti unaungua. Joto liko wapi hapo? Mti ulikuwa tayari, vifuko vimeiva, ukasubiri ukavu na mtikiso.

Na kuna mti ambao hata upepo hauusubiri. Mforsadi mweupe una stameni, yaani vijiti vya ua vinavyobeba chavua, zilizokunjwa kama springi. Zikikauka kiasi cha kutosha zinafyatuka na kurusha chavua kwa kasi inayozidi nusu ya kasi ya sauti, ndani ya muda usiofika sekunde moja ya elfu. Hapo napo kifyatulio ni kukauka.

Joto lina enzi yake, lakini ni ile hatua ya pili aliyoitaja Hadubini, ya lini. Miti ya maeneo yenye baridi inalala. Inahitaji kwanza wiki za baridi ili usingizi ukatike, kisha joto la kutosha ili maua yakomae. Baridi isipotosha, mti unadai joto zaidi kabla ya kuamka. Ndiyo unakuta majira ya baridi yalikuwa laini, watu wote wanatarajia msimu wa mapema, na mti unachelewa.

Barafu ya kuchelewa nayo isisahaulike. Shada likiwa limefunga linavumilia baridi kali. Likishaanza kurefuka na kulegea, ulinzi umekwisha. Usiku mmoja wa barafu unaweza kuyaunguza mashada ya mhazeli yakawa ya kahawia, yananing'inia lakini hayatoi kitu. Mtabiri asiyetoka ofisini ataendelea kutangaza chavua nyingi.

---

Mgeni_Mdadisi

Hilo joto linahesabiwaje? Kuna wanaosema "joto limefika 100" na halijoto ya nje ni 12.

---

Kikokotoo

Ni joto limbikizi. Unachagua kizingiti, tuseme nyuzi 5, ambacho chini yake mti hausongi mbele. Kila siku unachukua joto la juu na la chini, unajumlisha, unagawa kwa mbili, unatoa kizingiti. Kinachobaki unakirundika.

Siku ya kwanza: juu 14, chini 4. Wastani 9, toa 5, unabaki na 4.
Siku ya pili: juu 17, chini 7. Wastani 12, unabaki na 7. Jumla 11.
Siku ya tatu: juu 8, chini 0. Wastani 4, ukitoa 5 ni hasi 1. Unaandika sifuri. Jumla inabaki 11.

Hiyo siku ya tatu ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaacha jedwali litoe hasi, na baridi ya wiki moja inafuta joto la wiki mbili. Mti haurudi nyuma. Umesimama tu.

Makosa mengine ninayokutana nayo kwenye hesabu za watu: kuanza kujumlisha tarehe 1 Januari kwa mazoea, bila kujali kama mti umeshamaliza kudai baridi yake, kutumia kituo kilicho bondeni ilhali miti iko mlimani, na kuchukua kiwango cha nchi nyingine kama kilivyo. Idadi ya nyuzi zinazohitajika hutofautiana kwa mti na kwa eneo. Unahitaji miaka kadhaa ya kumbukumbu za mahali pako, unajaribu vizingiti na tarehe za kuanzia tofauti, unabaki na jozi inayokosea kwa siku chache kuliko nyingine zote. Hakuna njia ya mkato.

Na jozi hiyo inakupa siku ya kuanza tu. Haikwambii chochote juu ya wingi.

---

Pua_Nyekundu

Sawa, nimeshindwa kwa joto. Nishindeni na kwa mvua. Mvua ikinyesha chavua inaisha, au hapo pia kuna lakini?

---

Dira_ya_Upepo

Kuna lakini tatu 😄

Mvua ya kawaida, iliyotulia, ya saa moja au zaidi, inafua hewa vizuri. Tone la milimita 1 hadi 2 linashuka kwa mita 4 hadi 6 na ushee kwa sekunde, na chembe ya mikromita 20 ni nzito mno kukwepa: hewa inalizunguka tone kwa pembeni, chembe inashindwa kukata kona, inagongwa. Wakati huohuo mashada yanalowa na kuacha kutoa. Hewa inasafishwa na bomba linafungwa kwa pamoja.

Lakini ya kwanza: manyunyu ya dakika tano. Matone machache, upepo wa ghafla mbele yake. Hayo hayafui kitu. Upepo unatikisa mashada na kuinua chavua iliyokwisha kulala juu ya mapaa na barabara, na namba zinapanda kabla ya kushuka.

Lakini ya pili: mvua haiharibu akiba, inaizuia tu. Vifuko vilivyokuwa vifunguke leo na kesho vinasubiri. Zikipita siku tatu za mvua katikati ya msimu halafu ikaja siku ya jua na upepo, vya siku nne vinafunguka kwa pamoja. Kilele cha msimu mara nyingi ni siku kama hiyo. Kama una mzio, siku ya kuogopa ni ile ya kwanza kavu baada ya mvua ndefu.

Lakini ya tatu namwachia Hadubini, ni ya maabara.

---

Hadubini

Ya tatu ni vipande. Chembe ya chavua ikikaa majini inafyonza maji mpaka inapasuka, na ndani yake kuna punje za wanga zilizobeba protini za mzio. Vipande hivyo viko chini ya mikromita 3. Chembe nzima inaishia puani na kooni, kipande kinapita hadi njia nyembamba za mapafu. Na ile hesabu ya tone aliyoitoa Dira inageuka hapa: kipande kidogo kinafuata mkondo wa hewa, kinalipita tone, hakigongwi. Kwa hiyo baada ya mvua mashine inaonyesha chembe karibu na sifuri na bado wapo watu wanabanwa kifua.

Chavua ya mbetula iliyolala juu ya majani yenye maji inaweza hata kuanza kuchipua palepale na kupasuka, kisha ikikauka vipande vinapeperuka.

Kwenye dhoruba ya radi inakuwa mbaya zaidi. Hewa inanyonywa kuingia winguni na chavua yake, inalowa na kupasuka huko, kisha upepo baridi unaoshuka kutoka winguni unaitandaza juu ya ardhi mbele ya mvua. Melbourne, Australia, tarehe 21 Novemba 2016, maelfu walikimbizwa hospitali kwa pumu ndani ya saa chache na watu 10 walifariki. Ile ilikuwa chavua ya nyasi, si ya miti, na nawaomba msiichanganye. Ila hatua zake ni hizo, na mwenye pumu anayeitikia chavua ya miti anapaswa kuingia ndani na kufunga madirisha kabla ule upepo wa kwanza haujafika. Kungoja matone ni kuchelewa.

---

Mgeni_Mdadisi

Na saa za siku je? Wengine husema asubuhi ni mbaya, wengine jioni. Nani mkweli?

---

Dira_ya_Upepo

Wote, inategemea miti iko umbali gani.

Miti ikiwa jirani, fuata umande. Alfajiri mashada ni mabichi. Jua likiyapata, ndani ya saa kadhaa yanakauka, vifuko vinafunguka, upepo wa mchana unaanza, na kilele kinaangukia kati ya saa nne asubuhi na alasiri. Usiku wa mawingu na upepo ambao haukuacha umande unaiwahisha ratiba.

Miti ikiwa mbali, fuata unene wa hewa. Mchana hewa inachanganyika hadi kilomita 1 au 2 juu. Usiku uliotulia na wenye nyota, ardhi inapoa, hewa baridi inalala chini, ya vuguvugu inakaa juu yake kama kifuniko, na unene unaochanganyika unaweza kuwa mita 150 tu. Chavua iliyokuwa imetawanyika kwenye mita 1,500 ikibanwa kwenye 150, kila mita ya ujazo inabeba mara kumi. Kwa vitendo haifiki hapo kwa sababu sehemu yake inabaki juu ya kifuniko na inaendelea na safari, lakini unaona mwelekeo. Mikondo inapokufa jioni, iliyoko juu inaanza kushuka, na mji ulio mbali na msitu unapata kilele chake jioni au hata usiku.

Upepo mkali nao una pande mbili. Unatikisa mashada, kweli. Unaichanganya na hewa nyingi zaidi pia. Siku mbaya kuliko zote mara nyingi ni ya upepo wa wastani unaokuja kwa vishindo, baada ya usiku mtulivu.

---

Shina

Naomba nitoe jambo moja linaloniudhi. Watu wanaona unga wa njano juu ya magari na madimbwi, wanapiga picha, wanasema "ndiyo hii inayoniua". Unga ule mara nyingi ni wa msonobari. Chembe zake ni kubwa, zinaonekana zikijikusanya, na ni dhaifu sana kwa kuleta mzio. Inayokusumbua ni ya mbetula au mwaloni uliochanua karibu na wakati huohuo, na hiyo huioni.

Kama unataka kuona chavua ikiwa hewani, tazama kuzunguka jua. Siku yenye mbetula au msonobari mwingi na anga safi, kunatokea pete ndogo za rangi karibu kabisa na jua, na za msonobari si duara kamili, zimechongoka kidogo. Simama ili nguzo au ukingo wa paa uzibe jua LOTE kabla hujatazama. Usitazame jua lenyewe hata kwa miwani ya giza.

---

Fundi_Mtego

Nimesoma kimya kimya, lakini mmefika kwenye namba bila kusema zinatoka wapi. Mashine ya kawaida ya kunasa chavua ni ya aina ya Hirst, muundo wa mwaka 1952. Inavuta hewa lita 10 kwa dakika, karibu na kiasi anachovuta mtu aliyekaa. Kwa siku ni mita za ujazo 14.4. Hewa inaingia kupitia mwanya wa milimita 14 kwa 2 na kugonga utepe wenye gundi uliozungushiwa pipa dogo. Pipa linasogea milimita 2 kwa saa, kwa hiyo siku ni milimita 48, na wiki ni 336.

Utepe unakatwa vipande vya siku, unawekwa kwenye kioo, unatiwa rangi ya fuksini inayoipa chavua wekundu, na unahesabiwa kwenye hadubini. Huhesabu yote. Tuseme umepita mistari 4 ya urefu wa milimita 48, na duara lako la kuona lina upana wa milimita 0.5. Umesoma milimita za mraba 96 kati ya 672, yaani sehemu moja ya saba. Zidisha kwa 7, gawa kwa 14.4. Kila chembe uliyoiona inasimama badala ya 0.486 kwa mita ya ujazo. Ukihesabu 250, ni kama 121.

Zinakoharibika:

Mtiririko wa hewa. Kipima-mtiririko kinachokuja na mashine kinaweka ukinzani chenyewe. Unarekebisha hadi kisome 10, unakiondoa, na mashine inavuta zaidi ya 10 bila wewe kujua. Tumia kipimo kisicho na ukinzani, na uandike tarehe ya kila ukaguzi.

Gundi. Joto likizidi, vaselini inalegea na kutiririka, chavua ya saa tisa inahamia saa kumi. Tumia silikoni. Gundi ikiwa nene mno chembe zinazama na hadubini haizipati kwa fokasi moja. Ikiwa nyembamba mno zinadunda.

Mahali. Weka juu ya paa lililo wazi, mbali na ukingo, kwa maana ukingoni upepo unapanda kwa nguvu na unavuruga unachopima. Na tafadhali, usiiweke mita tano kutoka kwa mbetula halafu uite hiyo namba ya mji.

Saa. Mwanya una upana wa milimita 2, sawa na saa moja ya mwendo. Asikuletee mtu grafu ya dakika kumi kumi kutoka kwenye mashine hii.

Kile kioo chenye mafuta kinachoachwa nje chembe ziangukie hakikupi chembe kwa mita ya ujazo hata ukifanyaje. Kinapendelea chembe nzito, na kinabadilika kwa upepo. Kinafaa kukuambia mti gani umeanza, basi.

---

Pua_Nyekundu

@Fundi_Mtego kwa hiyo namba ninayosoma asubuhi kwenye simu ni ya jana?

---

Fundi_Mtego

Kama inatoka kwenye utepe, ni ya jana au ya juzi, kwa sababu lazima mtu akae aihesabu. Mahali pengine utepe unakusanywa mara moja kwa wiki. Mashine za kujiendesha zinazotambua chembe zenyewe zinatoa namba kwa muda mfupi, ila bado ni chache. Kinachoitwa "leo" kwenye programu nyingi ni modeli. Ulaya huduma ya Copernicus, ambayo ni ya Umoja wa Ulaya, inatoa utabiri wa namna hiyo kwa mbetula, mzeituni na mimea mingine, ikichanganya ramani za miti, joto limbikizi, na upepo na mvua za utabiri wa hewa. Modeli inakosea zaidi siku za mwanzo wa msimu, kwa sababu ikikosea tarehe ya kuanza kwa siku tatu, kila kitu kinakwenda pembeni kwa siku tatu. Katikati ya msimu inaaminika zaidi.

---

Shina

Na wakulima wa mizeituni wanaitumia chavua hiyohiyo kinyume chake. Uhispania wanapima chavua ya mzeituni hewani wakati wa maua na kukadiria mavuno miezi kabla ya kuvuna. Mvua ikinyesha siku za kuchanua, chavua inashuka, na matunda yanafuata njia hiyohiyo.

Kuhusu mwelekeo wa miaka: utafiti uliochapishwa mwaka 2021 kwa vituo 60 vya Amerika Kaskazini, kati ya 1990 na 2018, ulikuta msimu unaanza siku 20 mapema na chavua imeongezeka kwa asilimia 21. Miti ilichangia sana kwenye ongezeko hilo.

---

Mgeni_Mdadisi

Swali la mwisho, kisha nawaacha mpumzike. Mwenye mzio wa mbetula, ameamka asubuhi, ana utabiri wa hewa tu, hana namba ya chavua. Aangalie nini kwa mpangilio gani?

---

Hadubini

Kwanza mti wenyewe. Shika shada: likiwa gumu na fupi, miti ya jirani haijaanza, na hofu yako ni ya upepo unaotoka upande ambako majira yametangulia. Likiwa refu na linaacha unga kidoleni, umo ndani ya msimu. Likiwa la kahawia, linavunjika na halina unga, la jirani limekwisha.

Ukiwa ndani ya msimu, uliza jana ilikuwaje. Mvua ya siku mbili au zaidi, na leo kavu: chukulia ni siku mbaya hata joto likiwa la wastani. Kavu jana na leo: angalia upepo, na unatoka wapi. Mvua ya kutwa leo: toka ufanye shughuli zako, ukiacha ile ya radi tuliyoieleza.

Kufungua madirisha: miti ikiwa jirani, fungua alfajiri umande ukiwa bado, funga kabla ya saa tatu. Miti ikiwa mbali, usilale na dirisha wazi usiku mtulivu baada ya mchana wa upepo. Siku kavu nguo zianikwe ndani, nywele zioshwe kabla ya kulala, na kwenye gari hewa izungushwe ya ndani.

Dawa ya kupulizia puani ya kundi la steroidi haifanyi kazi kamili siku ya kwanza, inaweza kuchukua hadi wiki mbili. Hapo ndipo ile jumla ya Kikokotoo inapokuwa na faida: ikikaribia kiwango cha mahali pako, mwone daktari wako wakati huo, mashada yakiwa bado magumu.

---

Kikokotoo

Na ukiandika jumla hiyo, andika pembeni siku uliyoona unga kidoleni kwa mara ya kwanza. Ukifikisha miaka mitano ya jozi hizo, leta hapa tukutafutie kizingiti.